Tupeni Tarehe

Hotuba ya mfungwa wa maisha mbele ya majaji, mahakimu, mawakili na wanafunzi wa sheria waliozuru gereza moja la Pwani ya Kenya

Assalamu alaykum. Wenzangu Wakristo, Bwana asifiwe. Waheshimiwa majaji na mahakimu, afande mkuu na maafisa wako, mawakili, wanangu wanafunzi wa sheria, na ndugu zangu tunaofungiwa pamoja kila jioni: nashukuru kupewa nafasi hii.

Nimeambiwa nizungumze juu ya maisha ya mfungwa. Mengi mtayaona wenyewe mkizungushwa: jikoni, karakana, zahanati, maktaba yetu ndogo. Mimi nitasema juu ya kitu kimoja ambacho hamtaonyeshwa kwa sababu hatuna. Hatuna tarehe.

Mfungwa wa miezi sita anaijua tarehe yake. Mfungwa wa miaka kumi na miwili anaijua pia, na akifanya kazi na kukaa kwa nidhamu, Sheria ya Magereza inampunguzia thuluthi moja, kwa hiyo tangu wiki ya kwanza ameshapiga hesabu kwamba ni minane. Hesabu hiyo ndiyo inayomwamsha asubuhi. Akitukanwa, anakumbuka thuluthi yake na kunyamaza. Mfungwa wa maisha hana thuluthi, maana sheria hiyo hiyo imemtoa. Na utatoa vipi thuluthi ya kitu kisicho na mwisho?

Mimi nilihukumiwa kunyongwa kwa wizi wa mabavu, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nikakaa kondemu, sehemu ya wanaongoja kunyongwa. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa mtu wa mwisho alipopandishwa kitanzini nchi hii: gereza la Kamiti, mwaka 1987, Ochuka na Okumu, kwa lile jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo hakuna aliyenyongwa, lakini korti hazikuacha kuhukumu. Tulikuwa tunarundikana kondemu mwaka baada ya mwaka, tukingoja jambo ambalo serikali yenyewe ilikuwa hailifanyi na hailifuti. Agosti 2009 Rais Kibaki akazibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kwa mkupuo mmoja, zikawa za maisha. Alisema kumweka mtu muda mrefu hivyo akisubiri kifo ni mateso. Alisema kweli, nami ni miongoni mwa waliotolewa kivuli kile, Mungu amrehemu.

Sikuja kubishana juu ya hatia yangu. Korti tatu zimeshasema neno lao, na aliyeibiwa na kuumizwa alikuwa mtu, ana familia yake, wala sitaki jina lake au uchungu wake ugeuzwe mada ya kikao. Ninalosema ni juu ya mizani. Hata wahenga hawakusema muuaji au mwizi aachiliwe. Walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nianze na sheria yenyewe, kwa sababu nyinyi wanafunzi mtaikuta darasani ikiwa mistari michache tu. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu. Wizi unakuwa wa kunyongwa ukitimiza sharti moja tu kati ya haya: mwizi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake, au ampige au kumjeruhi mtu. Si yote pamoja. Moja linatosha. Vijana wawili wanaompora mtu simu kwa nguvu gizani wanaingia kifungu kimoja na genge lililovamia benki kwa bunduki, na hukumu ni moja. Humu ndani wapo wa bunduki, na wapo wa simu. Mkiwaona mtashindwa kuwatenganisha, maana sote tumevaa kunguru, sare ya wafungwa, na wote karatasi zao zinasema vilevile.

Sasa tazameni kesi hiyo inavyoendeshwa. Anayeshtakiwa kwa mauaji husikizwa Mahakama Kuu, na tangu zamani serikali ilikuwa ikimpa wakili akiwa hana uwezo. Wa wizi wa mabavu alisikizwa na hakimu, na wakili alikuwa juu yake mwenyewe, ingawa kitanzi ni kile kile. Siku zile hata kiongozi wa mashtaka alikuwa inspekta wa polisi, amevaa sare, amesimama pale amezoea, na mimi kizimbani sina hata kalamu.

Nitawaonyesha dakika chache za kesi yangu, mkae nazo. Shahidi wa kwanza amemaliza kueleza. Hakimu ananigeukia: "Mshtakiwa, una swali?" Nikasema, "Mheshimiwa, huyu anasema aliniona, lakini taa ya pale njiani imekufa siku nyingi, kila mtu wa mtaani anajua." Hakimu akasema, "Hilo si swali. Una swali?" Nikarudia kwa namna nyingine, kwa sauti ya juu zaidi, kwa kuwa nilidhani hakusikia. Akaandika. Miaka baadaye nilipopata prosidingi zangu, yaani kumbukumbu za kesi, zilizopigwa chapa, nikatafuta ukurasa ule nione aliandika nini. Palikuwa na maneno mawili: "Hakuna swali." Leo ninajua ningeuliza, "Taa ilikuwa wapi? Ilikuwa ukubwa gani? Ulikuwa umbali gani nami? Uliniona kwa muda gani?" Hayo ndiyo maswali ambayo Mahakama ya Rufaa inayataka kila kesi ya kutambuliwa usiku. Nimeyajifunza humu ndani, nikiwa nimekwisha kuhukumiwa, nikayafundisha vijana wa rimandi, wanaongoja kesi zao. Wakili angeyauliza kwa dakika tano.

Hukumu ikisomwa, una siku 14 za kukata rufaa. Rufaa ya kwanza huenda Mahakama Kuu. Ya pili huenda Mahakama ya Rufaa, na huko wanasikiliza hoja za kisheria tu, mambo ya ushahidi yameshafungwa. Mtu aliyeacha shule darasa la sita atengeneze hoja za kisheria, kwa mkono, juu ya karatasi za kuazima. Nimeona sababu za rufaa zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka kesi ya mtu mwingine, hadi jina la mji, kwa sababu mwenye nazo alishinda na wengine wakadhani maneno yale yana dawa.

Na rufaa haiendi bila prosidingi. Hakimu aliandika kwa mkono, karani apige chapa, zithibitishwe, zipelekwe. Hapo ndipo watu wanapozeeka. Kuna korti, sitaitaja, ambayo imekuwa ikimjibu mwenzetu mmoja barua ile ile kila anapoandika: faili lake linatafutwa. Barua zote anazo, amezitia katika mfuko wa unga na kuufunga kwa uzi. Hajakataliwa rufaa yake, wala hajakubaliwa. Hana hata uamuzi wa kuupinga.

Waheshimiwa, naja kwenye lile lililonifanya niombe kusema leo. Naomba mnivumilie, maana naongea mbele ya watu ambao kazi yao ni kuamua, na baadhi ya maamuzi nitakayoyataja yametoka kwenye benchi zenu.

Mwaka 2010, mwezi Julai, Mahakama ya Rufaa ikiketi hapa hapa Mombasa iliamua katika kesi ya Mutiso kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo, bila kumsikiliza mtu hali zake, ni kinyume cha Katiba. Kesi ile ilikuwa ya mauaji, lakini sisi wa wizi wa mabavu tuliisoma tukajiona humo. Watu walilia kwa furaha. Mwaka 2013 benchi ya majaji watano wa mahakama ile ile ikasema, katika kesi ya Mwaura, kwamba uamuzi wa Mutiso haukuwa sahihi: sheria imesema kifo, basi ni kifo. Mlango ukafungwa.

Desemba 2017 ikaja kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu kabisa. Hukumu ya kifo yenyewe ikabaki, lakini ulazima wake ukatupwa: kila mtu ana haki ya kusikizwa kabla ya kupimiwa adhabu. Mkitaka kujua siku ya furaha gerezani ikoje, ilikuwa ile. Mahakama kote nchini zikaanza kupokea maombi ya watu kuhukumiwa upya, ya mauaji na ya wizi wa mabavu pia. Majaji walikuwa wanauliza mambo ambayo hatukuwahi kuulizwa: umekaa muda gani, umejifunza nini, nyumbani watakupokea? Maafisa wa urekebishaji tabia walikwenda vijijini kuwauliza wazee na jamaa za walioumizwa. Ilikuwa ni mahakama inamtazama mtu. Ikifika jioni gari likirudi tunakimbilia dirishani kuhesabu waliorudi. Asiyerudi ameshinda.

Mimi na mwenzangu mmoja tuliandika maombi yetu wiki moja, kwenye meza moja, kalamu ikipita huku na huku. Kosa letu lilikuwa kifungu kile kile, kesi mbalimbali, na kwa haki ya Mungu yake ilikuwa na majeraha zaidi ya yangu. Ombi lake lilisikizwa 2019. Jaji akampa miaka aliyokwisha kuitumikia, akatoka na nguo za kuazima. Sasa ni fundi wa boti, ana watoto. Ombi langu lilipangiwa siku, jaji akahamishwa. Likapangiwa siku nyingine, likaja corona Machi 2020, korti zikapunguza kazi. Likangoja. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo kwamba Muruatetu ilihusu mauaji tu. Wenye makosa mengine yenye hukumu ya lazima, ikiwemo wizi wa mabavu, waanzishe kesi yao wenyewe kutoka Mahakama Kuu na kupanda ngazi.

Nimeyasoma maelekezo yale mara nyingi. Nayaelewa: mahakama huamua kesi iliyo mbele yake. Lakini tazameni yaliyotokea kwa watu. Yule aliyeua anaweza kusikizwa tena na kupewa miaka. Yule aliyenyang'anya simu akiwa na mwenzake hawezi. Na kati yetu wenyewe wa wizi wa mabavu, waliotoka na waliobaki hawakutenganishwa na uzito wa kosa, wala tabia, wala toba. Walitenganishwa na karani aliyepanga orodha, na jaji aliyehamishwa, na ugonjwa ulioanzia mbali. Mlinganyo gani wa haki unaweza kulieleza jambo hilo kwa mama yangu? Aliniuliza, "Mwenzako katoka kwa nini wewe hukutoka?" Nikamwambia, "Mama, yeye faili lake lilitangulia." Akadhani namficha kosa nililolifanya humu ndani. Amekufa akidhani hivyo.

Mlango wa tatu ulifunguka Julai 2023, Malindi, Mahakama ya Rufaa iliposema kifungo cha maisha kisicho na kikomo kinamvunjia mtu utu wake, ikampa mwenye kesi miaka 40. Desemba mwaka ule mahakama hiyo ikiketi Kisumu ikasema maisha yahesabiwe kuwa miaka 30. Thelathini! Nyinyi mlio nje mtaona ni mingi. Sisi tulipiga hesabu usiku kucha. Kulikuwa na wazee ambao 30 yao ilikuwa imebaki kidogo. Kwa mara ya kwanza mtu wa maisha aliweza kusema, "Nikijaliwa, mwaka fulani." Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikayatengua yote mawili: suala halikupitia ngazi zake na kujadiliwa ipasavyo kule chini, na kazi ya kuweka kiwango cha adhabu ni ya Bunge. Tukarudi pale pale.

Mara tatu, ndugu zangu, katika muda wa miaka 15. Kila mlango ulipofungwa, sababu ilikuwa ya kisheria na imeandikwa vizuri. Sina ugomvi na uandishi wake. Nasema tu kwamba mtu akifunguliwa na kufungiwa mara tatu, anaumia kuliko ambaye hakuwahi kufunguliwa. Baada ya Aprili ile tulikuwa na wenzetu wawili walioacha kula. Maafisa waliketi nao usiku, na hilo nalisema mbele ya afande wao kwa sababu ni kweli na hawakuandikiwa popote.

Na kwa haki ni lazima niseme: magereza haya si yale niliyoyakuta. Viboko vilifutwa katika sheria mwaka 2003. Mzee Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais alileta magodoro na mablanketi, akaingiza televisheni, akaruhusu watu kuzungumza na wake zao kama binadamu. Kabla yake tulilala sakafuni. Katiba ya 2010, kifungu cha 51, inasema mtu aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo kufungwa kwenyewe kunaziondoa. Tangu 2017 tunapiga kura ya Rais. Kamiti wapo wafungwa na askari waliosoma pamoja shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London, wakafuzu. Mambo haya ni makubwa na walioyapigania washukuriwe. Lakini nikimwambia kijana mwenye kifungo cha maisha ajiandikishe darasani, ananiuliza, "Mzee, cheti nikipeleke wapi?" Ninalo jibu la dini na ninalo jibu la heshima ya mtu. Jibu la sheria sina.

Afande naye hana la kumpa. Mtu wa tarehe unaweza kumzawadia na unaweza kumuadhibu, kwa thuluthi yake. Wa maisha utamwambia nini? Nidhamu mnayoiona kwa wafungwa wakongwe humu haitoki kwenye kanuni. Tumeitengeneza wenyewe.

Huwa nasikia nje wanasema tunakula kodi yao bure. Kwa miaka na mikaka nambari za magari ya nchi hii zimekuwa zikigongwa Kamiti. Hata gari lililowaleta leo, huenda mkono wa mfungwa umelipitia. Viti mlivyokalia vimetoka karakana ile pale. Malipo yetu ya siku yanahesabiwa kwa senti, na sijui ni duka gani Kenya linalopokea senti.

Kuhusu dhamana nitapita haraka, mawakili mnayajua kuliko mimi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinatupa haki ya dhamana, lakini karatasi ikisema shilingi elfu hamsini na baba yako ni mchukuzi wa bandarini, umenyimwa. Ndiyo maana rimandi wamelala ubavu kwa ubavu. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliofanywa na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, mwaka 2016, ulilisema wazi: mfumo unawaelemea maskini. Hakuna aliyeshangaa humu.

Na wale wa miaka ya kuhesabika, ambao tarehe wanayo, wengi wamepewa tarehe isiyo sahihi. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinaitaka korti iizingatie miaka ambayo mtu alikaa rimandi kabla ya hukumu. Nenda usome hati za kifungo. Utakuta ya mtu aliyekaa rimandi miaka minne, na hukumu inaanza siku iliposomwa. Miaka minne ya uhai wake imeanguka njiani kwa sababu hakuna aliyeikumbusha korti. Hilo halihitaji Bunge, wala Mahakama ya Juu. Ni ombi la kurasa mbili.

Lakini lile kubwa linahitaji Bunge. Muruatetu yenyewe, 2017, ilipendekeza sheria itungwe ya kueleza kifungo cha maisha ni nini. Aprili 2025 majaji wakasema tena kwamba hiyo ni kazi ya Bunge. Kwa hiyo korti inatazama Bunge, na mbunge ninayemuona kwenye televisheni anazungumza mengine, kwa sababu hakuna kura katika kuwatetea wezi. Nyinyi waheshimiwa hamuwezi kwenda kupiga kampeni, najua. Mnaweza kuandika katika hukumu zenu, kila mnapolazimika kutoa maisha, kwamba mmelazimika. Mawakili mnaweza kuianzisha ile kesi ambayo Mahakama ya Juu ilisema ianzie Mahakama Kuu, juu ya kifungu cha 296(2), na kuipandisha ngazi zote bila kuruka, ili siku ikifika juu pasiwe na sababu ya kuirudisha. Sisi tumejaribu kwa mkono, na mara mbili tumerudishwa kwa makosa ya fomu.

Siombi kila mtu atoke. Wapo humu ambao hata mimi ningeogopa watoke kesho, na wao wanajua namwambia nani. Naomba kila mtu apimwe, na akishapimwa aambiwe ni mingapi. Ikiwa ni 30, niambieni 30. Ikiwa ni 40, niambieni 40, hata kama nitafia njiani. Nitajua nimefia wapi.

Wanangu wanafunzi, maswali mtayauliza mkinipata kule maktaba, na msione haya. Afande ametukubalia hadi saa kumi, ndipo tunapohesabiwa na kufungiwa. Wenye matatizo ya 333(2) tumewapanga upande wa kushoto na hati zao za kifungo wanazo. Wenye mafaili yaliyopotea wako kulia, na yule mzee mwenye mfuko wa unga ni wa kwanza kwenye foleni. Hasikii vizuri, kwa hiyo kaeni karibu naye. Ombeni nambari ya kesi yake iliyo kwenye barua ya kwanza, ya juu kabisa, kwa sababu katika barua zilizofuata korti imekuwa ikiikosea tarakimu moja.